Hita ya Dizeli Aliyoiomba Mzee Zefania

Ifikapo Juni 30, Mzee Zefania Msengi atakabidhi funguo za gari la huduma ya mkoba, kliniki yetu ya kuzunguka vijijini, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Muda wote huo hajapindua gari wala kuchelewa kliniki, na hakuna muuguzi aliyekaa kiti cha mbele bila kumwamkia shikamoo. Kila shimo kati ya Singida Mjini na Kinampanda analijua, na mengine ameyapa majina ya wakubwa wetu.

Waandaaji wa hafla hii ya kumuaga waliniomba niandike ya kufurahisha. Ndiyo hayo. Sasa la kuudhi.

Gari hili lenye chumba cha kliniki nyuma lilipoagizwa, ofisi iliulizwa kama hita iwe ya gesi au ya dizeli. Mzee Zefania alisema dizeli: inatumia tangi lilelile la gari, na moshi wake unatoka nje kwa bomba. Inanguruma kidogo, alikiri mwenyewe. Gesi haina kelele, lakini mtungi ukiisha vijijini tutaujaza wapi? Aliandika barua tatu. Akajibiwa kwamba dereva ashughulike na usukani. Eti gesi ndiyo ya kisasa! Waliosema hivyo hawajawahi kushinda Kinampanda siku ya upepo wa Julai.

Ikafungwa ya gesi, na mtungi ukawa unaisha kijiji cha pili. Kwa baridi ile, mama gani atamvua mtoto nguo? Basi tukawapima watoto uzito na masweta na vitenge vyao, mimi nikiwa wa kwanza kufanya hivyo. Kadi zao za kliniki zikapendeza, uzito ukionekana kupanda. Siku moja Mzee Zefania alimpokea mtoto wa Jenifa, mmoja wa akina mama wa kliniki, ili mama apande ngazi, akaniambia, "Sista, huyu mwepesi. Mnapima sweta." Tulimvua. Alikuwa amepungua nusu kilo, nasi tulishamwandika kuwa anaendelea vizuri miezi miwili mfululizo. Alilazwa, akapona. Wengine tuliowaandika hivyo hatuwajui ni wangapi, na hilo linanikera mpaka leo.

Imepita miaka minne na hita ni ileile ya gesi. Jumatatu tunakwenda tena Kinampanda.

Idara imemnunulia Mzee blanketi zito la kustaafia. Juzi alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaenda kulitandika kwenye chumba cha kliniki, chini ya mizani. Alisema libaki hapo, watoto wavuliwe nguo juu yake, mpaka hita ije.

Mzee wetu, asante kwa kutufikisha na kuturudisha salama, na asante zaidi kwa kutusema. Tunakuombea afya, mvua nzuri shambani kwako Kinampanda, na wajukuu wa kukusumbua. Blanketi lako tutakuletea siku hita ya dizeli itakapofungwa. Barua zako tatu nimezitoa kwenye faili la usafiri. Ya nne nimeiandika mimi, na leo namkabidhi mgeni rasmi hapahapa, mbele yenu nyote.

Redempta, muuguzi