Barnabas Odira, Aliyesikia Kila Pigo Kama la Kwanza

Marehemu Barnabas Odira alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 karibu na Rangwe, Homa Bay, kitinda mimba wa marehemu Mama Phelesia. Dada yake Scovia, anayewasomea haya, ndiye aliyembeba mgongoni.

Alisoma shule ya msingi nyumbani, kisha akahitimu ushonaji Kendu Bay mwaka 2004. Alifungua duka Migori, na mwaka 2008 akamwoa Bhoke. Walijaliwa binti mmoja, Liz.

Ugonjwa ulianza 2011. Mlio wa cherehani yake mwenyewe ulimtisha, akawa anashona kwa mkono. Mvua ikigonga mabati, alikuwa akiuliza, "Mama Liz, nani anabisha?"

"Hakuna mtu. Ni mvua tu."

"Mfungulie basi, ataloa."

Bhoke aliezeka nyasi juu ya mabati. Majirani walicheka, lakini mumewe akapata usingizi.

Familia ilidhani ni pepo. Ilimkalisha katikati ya ngoma za maombi siku tatu, na Scovia ndiye aliyepiga ile kubwa. Barnabas alishtuka pigo la kwanza, na la mia akashtuka vilevile. Scovia anajuta mpaka leo, na analisema mbele yenu.

Mwishowe daktari alimvisha vipokea sauti vya masikioni, akamsikilizisha milio miwili miwili huku akipima ubongo. "Hii ni skizofrenia, si pepo," alisema. "Ubongo wetu ukishasikia mlio wa kwanza, wa pili unaupunguza. Kwake wa pili unaingia mzima." Dawa zilimpunguzia hofu, ila milio iliendelea kuingia.

Siku moja ya mwaka 2019, Mama Phelesia amelala ndani na watu wanapiga soga uani, Barnabas aliweka sindano chini. "Mama ameruka pumzi moja," alisema. Walimkemea. Akasikiliza tena. "Hajavuta nyingine." Walipoingia, mama alikuwa amekata roho. Tangu hapo baadhi ya jamaa waliogopa kukaa karibu naye.

Aliugua nimonia, akafariki tarehe 2 Juni 2025, hospitalini Homa Bay. Wiki ile alimwuliza Scovia swali moja: "Beleshi la kwanza la udongo nitavumilia, dada. Na hayo mengine?" Scovia alilia, akamwahidi.

Ameacha mjane Bhoke, binti Liz na dada Scovia. Leo hakuna ngoma, na mabeleshi yamewekwa kando. Tunawaomba mje mmoja mmoja, mpige magoti, mteremshe udongo kwa viganja, polepole, usisikike. Scovia atatangulia.

Mungu amlaze kimya.