Nusu Duara ya Dalenda Ketata

Ndugu, majirani, na ninyi mliowahi kuketi kwenye madawati yake, familia inawaeleza maisha ya mzee wetu, Mwalimu Naceur Chaabouni, aliyezaliwa tarehe 4 Oktoba 1948 Sakiet Ezzit, nje kidogo ya Sfax, mtoto wa pili wa Haji Tahar, mkulima wa mizeituni, na Bi Mahbouba.

Alisoma shule ya msingi hapohapo, sekondari Sfax, kisha hisabati mjini Tunis hadi 1971, akapangiwa kufundisha Gafsa, na Septemba 1978 akarudi Sfax, alikofundisha darasa la mwisho la hisabati hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2008. Tarehe 20 Agosti 1976 alifunga ndoa na Bi Wassila Fourati, wakajaliwa Olfa, Moez na Ines.

Somo alilolipenda kuliko yote ni la namba changamano, pale mwanafunzi anapopewa sharti na kutakiwa achore nukta zote zinazolitimiza, na ni katika somo hilo alikoteleza. Tarehe 12 Machi 1991 aliweka nukta mbili ubaoni, A na B, akawataka wanafunzi watafute kila nukta ambayo, ukisimama hapo, unageuka robo mzunguko kinyume cha saa kutoka kutazama B hadi kutazama A, na Dalenda Ketata akachora nusu duara, ncha zake mbili ameziacha wazi.

“Nusu nyingine umemwachia mama yako aipikie kuskusi?” akauliza Mwalimu, darasa likaangua kicheko.

“Sidi,” akajibu Dalenda, kama tunavyomwita mwalimu huku kwetu, “ukishuka chini ya mstari wa AB unageukia upande wa pili.”

“Kaa, binti yangu, duara halikatwi kama tikiti,” akasema, akachukua chaki na kulikamilisha mwenyewe.

Tangu hapo wenzake walimwita Dalenda Nusu, na baada ya likizo akahamia fasihi. Jioni ileile Mwalimu alijaribu nukta moja ya chini, akaona binti alisema kweli, na kesho yake akaingia darasani akaanza mada nyingine. Wengi wetu tungefanya vivyo hivyo, lakini Mwalimu hakupata pa kuuficha uso wake kwa aibu.

Kwenye sherehe ya kumuaga alipostaafu, wanafunzi wa zamani walijaa, Dalenda akiwemo, Mwalimu akasimama kusema, akashukuru kila mtu, akaketi bila kulitaja kosa lile. Baadaye alimfuata Dalenda kwenye duka lake la vitambaa kumwomba radhi.

“Sidi, mimi nilijua siku ileile kwamba niko sawa,” alimjibu. “Hapa tuko wawili tu. Waliocheka ni wale wa darasani.”

Februari 2021 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu, na alfajiri ya Jumatano, tarehe 9 Novemba 2022, akafariki, akiwa amemwachia Bi Wassila neno moja: “Mimi nimeshindwa. Semeni ninyi, wakiwa wamekusanyika.”

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotulisha siku hizi tatu, na walimu wenzake. Na ninyi wa darasa la 1991, mzee wetu anawaambia kwamba jibu la Dalenda lilikuwa sahihi, la mwalimu lilikuwa kosa, na kicheko kile alikianzisha yeye. Bi Dalenda, uliyeketi hapo kando ya mjane, tumechelewa, utuwie radhi.

Mwalimu, wamesikia wote. Pumzika sasa, kwa amani.