Radhi ya Kupandia Mlima

Kijiwe chetu cha Kilindoni, kisiwani Mafia, kinaitwa Hatubanduki, na baada ya swala ya Alasiri kweli hatubanduki. Rada anajua habari kabla hazijatokea. Dakitari aliwahi kufagia zahanati miezi sita. Abeid anamimina kahawa. Mimi wananiita Istighfari, kwa kuwa nakosea sana na kutubu sana. Siku hiyo niliwasikilizisha sauti aliyonitumia asubuhi kwa simu mdogo wangu Mwanahalima, mjane, mkulima wa mwani. Wageni aliowafundisha kufunga mwani wamemwalika akapande nao milima ya Nepali. Kwetu mtu hasafiri bila radhi ya mkubwa wake. Yeye kasafiri, mimi radhi nimeikalia.

“Shikamoo, kaka. Nipo Kathmandu. Honi hazinyamazi, pikipiki zinapita hadi mlangoni mwa duka, nyaya za umeme zimesokotana kama nyavu mbovu. Tumeambiwa tupumzike siku mbili. Nimejifunika shuka gubigubi, napumzika kwa nguvu. Kesho alfajiri tunaondoka. Naomba radhi yako. Usiponipa, nitapanda vilevile.”

— Mmesikia? Vilevile! — Rada akaruka. — Usimpe!

— Kwanza apumzike kwa lipi? — akauliza Dakitari. — Mtu huchoka ndipo akapumzika.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe — akajibu Rada. — Wanamlaza siku mbili, ya tatu wanampa mlima aulime.

— Wewe hujui tiba. Huko juu hewa haba. Wanawalaza mjini wavute moshi, mapafu yazoee shida.

— Basi pumzi wanazowapunguzia wanazijaza kwenye mitungi, wakawauzie wenzao kileleni!

— Astaghfirullahi — nikasema. Mola anisamehe, moyoni nilifurahi.

— Tena wahenga wamesema milima haikutani — Rada akaongeza. — Yeye nani hata akaikutanishe?

— Mwambie arudi, Istighfari — akasema Dakitari. — Mafia hatuna kilima cha kumchosha mbuzi, na hatujapungukiwa kitu.

— Kahawa imepungua — akasema Abeid.

Hapo akasimamisha pikipiki dereva wa bodaboda kutoka Kirongwe, Taufiki, ambaye hatukumjua wala jina lake mpaka alipojitaja. Akasalimu, akapewa kikombe, akasikiliza wee.

— Samahani, wazee wangu. Huyo dada kakosa nini?

Rada akamtazama Dakitari. Dakitari akatazama ndani ya kikombe. Nami nikatafuta. Hakuiba. Hakunitukana. Swala haimpiti. Nikaona kitu kimoja tu, nacho si chake, ni changu: mimi safari zangu zimeishia Dar es Salaam, na mdogo wangu kanipita. Wivu, ndugu zangu. Nilikuwa nauita heshima.

Abeid akaliinamisha dele la kahawa. Halikutoka tone.

— Kijiwe kimeamua usimpe — Rada akaninong'oneza.

— Kijiwe si kaka yake — nikamjibu.

Nikabonyeza simu, nikaanza na neno nililomnyima tangu asubuhi.

— Marahaba, Mwanahalima. Radhi unayo. Panda, na ukifika juu, utuangalie sisi tusiobanduka.