Wasifu wa Mama Mojamoja, Aliyefungua Kila Katoni

Mama yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mojamoja, alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkewe aliyekuwa mfua nguo. Walikaa vyumba viwili nyuma ya karakana, na harufu ya vumbi la mbao, alisema, haikumtoka puani hadi uzeeni.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964. Alikuwa hodari wa hesabu na mvivu wa kuimba. Siku moja alirudishwa nyumbani kwa sababu ya sare chafu. Mama yake, aliyefua nguo za watu kwa sabuni ya watu, alimtuma dukani na sarafu mkononi. Mwenye duka alikuwa na miche ya sabuni iliyopangwa hadi darini.

"Nikate mche mzima kwa ajili ya kisarafu hiki?" alimwambia. "Kinachobaki nimuuzie nani? Sikati. Mwambie mama yako aje na bei ya mche."

Kesho yake alikwenda shule na sare ileile, akaketi safu ya mbele. Akafukuzwa. Siku iliyofuata akaketi palepale. Mwalimu ndiye aliyechoka kwanza. Mama alimaliza darasa la saba mwaka 1970. Baba yake alikuwa ameshafariki, na masomo yakaishia hapo.

Alifanya kazi ya kufunga mizigo katika ghala la jumla hadi mwaka 1978, alipofungua duka lake. Lilikuwa duka ambalo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Alinunua kwa katoni, akauza kimoja kimoja: mshumaa mmoja, kiberiti kimoja, nepi moja, mafuta ya kupima. Sabuni aliikata kwa waya mwembamba wenye vishikio viwili alivyochongewa na mdogo wake. Wenye maduka makubwa walimpa jina la Mama Mojamoja kwa kejeli. Alimwita mchora mabango, akamwamuru aliandike jina hilo juu ya mlango kwa rangi nyekundu, herufi kubwa.

Asidhani mtu kwamba kazi hiyo ni kuchana maboksi tu. Mali ikiwa ndani ya katoni hutulia. Ikishatoka, hutawanyika kama kuku waliofunguliwa bandani. Sabuni iliyokatwa hukauka ikapungua. Biskuti hulainika. Mama hakufungua katoni ya pili kabla ya kuuona mwisho wa ile ya kwanza, na hesabu ya katoni alijifunza kwa machungu.

Mwaka 1980 aliolewa na fundi cherehani, baba yetu, aliyeketi hapa mbele. Mama alipojifungua mtoto wa kwanza, Baba alishika duka. Alifungua katoni za mishumaa, akaimwaga mishumaa kwenye kapu la kaunta, kisha, kwa kuwa ni mtu wa unadhifu, akazifunga vizuri zile katoni tupu na kuzirudisha juu ya rafu. Mama alirejea kazini, mtoto mgongoni, akatazama juu, akaridhika. Akamuahidi matroni wa bweni la wasichana mzigo wote ule. Siku gari lilipofika, aliinyanyua katoni ya kwanza kwa nguvu zake zote, nusura aanguke chali.

"Baba watoto," aliuliza, "hapa umeniwekea nini?"

"Niliona rafu inapendeza."

"Kweli inapendeza. Sasa wale wasichana wakasomee uzuri wa rafu?"

Matroni hakurudi tena. Tangu siku hiyo dukani kukawa na sheria: katoni iliyofunguliwa haipandi juu tena. Kifuniko chake kinachanwa na kutundikwa msumarini. Ya juu ni nzima, ya chini ni vipande, na hakuna kitu kinachohesabiwa mara mbili. Baba naye hakusamehewa. Kila alipozidisha kusifia kitu, Mama alimuuliza taratibu, "Kina kitu ndani, au ni katoni yako?"

Mwaka 2011 wakala wa sabuni alikuja dukani.

"Mama, bidhaa hizi zina heshima yake," alisema. "Ukizikatakata unazidhalilisha. Uza nzima, la sivyo sileti mzigo."

"Heshima ya sabuni ni kutoa uchafu. Hata kipande kinautoa."

"Unauza makombo, mama."

"Makombo huachwa na walioshiba, mwanangu. Hawa wangu hata hawajala."

Akakatiwa mzigo. Akawa anaufuata upande wa pili wa mji, akirudi nyuma ya mkokoteni kwenye tope na kwenye vumbi, na hakuna mteja aliyewahi kusikia neno "sikati" kutoka kinywani mwake.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Wodini aliwachekesha wauguzi: "Nipe kidonge cha sasa tu. Cha kesho kibaki kwenye pakiti, kisichakae." Wakala alikuja kumjulia hali, na kabla ya kuondoka akatudokeza kwamba yuko tayari kulinunua duka na kulifanya ghala la katoni nzima. Baba yetu mdogo aliona ni busara. Mama, tuliyedhani amelala, alifumbua macho.

"Nikishazikwa sitakuwepo kubishana nanyi," alisema. "Ila mwenye sarafu moja akija, mtamwambia nini?"

Tulirudi nyumbani na swali lile. Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Agosti 2023, binti yake akimsuka nywele, upande mmoja ukiwa bado. Kifo hakijui rejareja. Hakikutuachia hata kipande cha uhai wake cha kutusogeza hadi kesho. Kwa hilo hatukisifu, wala hatutakiiga.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu saba, mdogo wake seremala, na mtaa uliokuwa ukioga kwa vipande vyake.

Tangu jana watu wanaulizana kwa sauti ya chini kuhusu duka. Baba mdogo, kwa heshima zote, tumekusikia. Ndugu wakala, ahsante kwa kufika, na kwa shada la maua. Duka haliuzwi. Kitinda mimba wetu atalifungua Jumatatu. Waya uko kaunta, vifuniko viko msumarini, na jina liko palepale juu ya mlango; litapakwa rangi upya, nyekundu zaidi. Mwenye sarafu moja aje. Tutamwambia, "Karibu, nikukatie wapi?"

Mama, jibu lako hilo. Sasa pumzika, utulie.