Benchi Lililorudi Juani

"Katazo Namba Mbili la Uhamishaji Holela wa Samani za Kukalia Ndani ya Hifadhi ya Barabara, Kituo cha Pikipiki cha Njia Panda ya Nyamiaga." Ndivyo lilivyosema bango lililopigiliwa misumari kwenye mparachichi, na samani zenyewe zilikuwa moja: benchi la mbao la kijiwe. Katazo Namba Moja lilikuwa limeliwa na mbuzi. Benchi hilo lilikuwa na desturi ya kufuata kivuli. Asubuhi lilikaa kwenye uzio, adhuhuri chini ya shina la mti, na jua likianza kushuka, kivuli kikatambaa kuelekea lami, wenye benchi walilinyanyua, kila mtu na kikombe chake mkononi, wakakifuata. Mtendaji wa kata alikuwa ameshasema kwamba likionekana tena kwenye lami litachukuliwa na kuwa mali ya kata. Leo alasiri kivuli kilikuwa kimefika barabarani kama kawaida yake, lakini benchi lilikuwa kwenye uzio, jua likiwapiga wenyewe usoni, na hakuna aliyelalamika. Laurian, fundi pancha ambaye kijiwe kilimwita Spea, alikaa kwenye ncha ya mwisho, kiganja chake kimefunika kona ya ubao.

Mada ilikuwa Celestini, mwenzao wa kijiwe, dereva wa bodaboda, aliyeanguka juzi mbele ya macho yao na sasa alikuwa amelazwa hospitali.

—Ilikuwa lori, alisema Malongo, mfugaji aliyekuja kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, pamoja na sauti iliyompa jina la Redio. Lori la kutoka Rusumo. Wenzetu kule wanaendesha kulia. Dereva anavuka mpaka, gari linahamia kushoto, akili inabaki kulia.

—Juzi alasiri kuna lori lililopita hapa? aliuliza Theodosia, muuza kahawa, huku akimimina.

—Halikupita. Ndiyo maana mpaka leo halijakamatwa.

Mzee Juvenali alikohoa. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa kitongoji na bado aliongea kama mtu mwenye mhuri mfukoni, hivyo wakamwita Kikao.

—Redio, jizime kidogo. Suala hapa ni upepo. Lori likipita Lusahunga kwa kasi linasukuma upepo. Upepo ule hauishii pale. Unafuata barabara.

—Kutoka Lusahunga mpaka huku, mzee?

—Nani wa kuusimamisha? Kwenye mizani wanapima malori. Upepo unapita bure.

—Haya, tuseme ni upepo, alisema Malongo. Mbona haukuangusha nguo za Theodosia pale kambani? Mimi naona ni lami yenyewe. Mkandarasi aliitandika wakati wa baridi. Jua likiwaka inavimba, inatafuta nafasi. Juzi ilijisogeza kidogo wakati Celestini yuko juu yake.

—Barabara ilisogea, alisema Theodosia.

—Kidogo tu.

—Na kitu gani kingine kilisogea juzi?

Malongo akaomba karanga.

Laurian alikunywa kahawa yake bila kuisikia. Tangu jana alikuwa akisikiliza, na kila nadharia ilikuwa na kitu kinachotembea. Lori lilitembea, upepo ukatembea, na sasa lami, ambayo serikali iliijenga makusudi ikae palepale, nayo ilikuwa imeanza kutembea. Kitu kimoja tu kilichotembea kila siku ya Mungu hakikutajwa na mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika ncha ya mbele.

—Na jeraha lenyewe limepewa daraja gani? aliuliza Juvenali.

—La kati, alisema Laurian. Mkono umevunjika, wameufunga hogo la plasta.

—La kati ni zuri. Dogo wangesema unajidekeza. Kubwa wangekuandikia rufaa ya Mwanza. La kati unalala, unaletewa ndizi, unarudi. Hata katika uongozi mimi nilipenda mambo ya kati.

—Si alicheka hata? alisema Malongo. Tumemnyanyua, akacheka, akauliza pikipiki iko wapi. Mtu aliyeumia vibaya haulizi pikipiki.

—Angeuliza nini?

—Angeuliza mkewe.

Mkewe alikuwa anavuka barabara wakati huohuo. Mukeshimana alikuja na hotipoti ya uji mkononi, na Laurian alijua ni ileile aliyoondoka nayo asubuhi, kwa jinsi alivyoibeba kwa uangalifu. Ilikuwa bado imejaa.

—Shikamooni wazee.

—Marahaba, mwanangu, alisema Juvenali. Mgonjwa wetu?

—Mkono hauna shida. Ni tumbo. Tangu asubuhi linamuuma huku kushoto, amepauka, uji hataki. Yeye hakumbuki kitu. Anakumbuka kona ya kule juu, kisha anakumbuka dari ya wodini. Sasa daktari ameniambia niulize watu waliomwona. Kama aliangukia mkono tu, watamwangalia mpaka kesho. Kama kuna kitu kilimpiga tumboni, huenda anavujia damu kwa ndani, na gari la wagonjwa linaondoka naye sasa hivi kwenda kwa wapasuaji. Nyie mlikuwepo. Tumbo lake liligonga nini?

Theodosia aliweka birika chini.

—Kuna lori, alianza Malongo.

—Lilimpiga tumboni?

—Hapana. Halikuwepo.

Mukeshimana akamgeukia Juvenali, kwa kuwa ndiye mkubwa.

—Kwa sasa, mwanangu, niseme tu kwamba suala liko kwenye uchunguzi.

—Nani anachunguza, mzee?

Juvenali alitazama kushoto, kisha kulia.

—Sisi.

Mukeshimana hakulia, wala hakupandisha sauti. Alibaki amesimama mbele yao na uji wake, akisubiri, kama mtu aliyeuliza njia na kuona watu wanajadiliana kimoyomoyo.

—Spea, alisema Juvenali kwa sauti ya chini. Mtendaji akisikia, benchi linakwenda. Na kijiwe kinakwenda nalo. Wewe matairi utayafanyia wapi?

Laurian aliondoa kiganja. Kona ya ubao ilikuwa imemeguka, mpasuko wake bado mweupe, na kwenye mpasuko ulinasa uzi wa njano wa kizibao cha bodaboda. Mukeshimana aliutazama ule uzi. Kizibao kile alikuwa amekifua mwenyewe.

—Mpigie daktari, shemeji, alisema Laurian.

Alipiga, akamkabidhi simu.

—Usitaje benchi, alinong'ona Juvenali. Sema kifaa.

Laurian alisimama. Hakujua kwa nini, daktari hakuwa akimwona.

—Shikamoo, daktari. Naitwa Laurian, niko hapa njia panda, nilikuwepo. Ni benchi. Ndiyo, la kukalia, la mbao. Lilikuwa kwenye lami. Tulikuwa tumelisogeza kufuata kivuli, kona imetokeza njiani. Akalikwepa akiwa ameshachelewa, tairi likateleza, akaliangukia kwa tumbo, pale kwenye kona. Kushoto. Kwa nguvu, ndiyo, ubao umemeguka. Hapana, hakuna gari. Hakuna lori.

Alisikiliza. Upande wa pili wa simu mtu aliita dereva wa gari la wagonjwa kwa jina, kisha sauti ikarudi na swali lingine.

—Hapana, hatukumwinua palepale, alisema Laurian. Tuliinua benchi kwanza, tukalirudisha kwenye uzio. Halafu tukaenda kumwinua yeye.