Shamba la Mama Verediana na Mti Tulioukata

Mgeni rasmi, Bwana Shauri wa wilaya yetu,

Sisi wakulima wa mpunga wa ukingo wa mto Lumemo, hapa Ifakara, tunakushukuru kwa kuja kutufungulia ghala leo, Julai 1957. Karibu. Ghala tumelijenga wenyewe, kwa matofali yetu, nalo halivuji. Lakini risala hii inahusu shamba moja.

SHAMBA LENYEWE

Mama Verediana ni mjane. Marehemu mumewe na jirani yao Dionisi waligawana bonde kwa desturi yetu: walichonga alama kwenye mninga wa mpakani, jembe upande wa huyu, mkuki wa samaki upande wa yule. Mume alipofariki, Dionisi akavuka mpaka na kulima. Mama akaenda barazani.

"Hati iko wapi?" karani akamuuliza.

"Iko kwenye mti."

"Baraza haliendi kwa mti, mama. Hati huletwa hapa mezani. Tena asili, siyo nakala."

"Basi ondoa vikombe vyako vya chai, mwanangu. Inakuja."

KOSA LETU

Tuliukata. Gogo lenye alama tukalibeba hadi barazani, Mama Verediana akiwa mbele, anatembea kama mwenye harusi. Kipande kilichobaki kati ya gogo na kisiki tulikipasua kuni, tukachomea perege, kwa furaha ya ushindi tusioupata bado.

Karani akazitazama alama. "Nzuri. Sasa, mti ulisimama wapi?"

"Ndani kabisa ya hilo analoliita shamba lake; mpaka uko huko," Dionisi akadakia. "Kisiki wanachowaonyesha ni cha mti mwingine. Haya, viungeni tuone!"

Havingeweza kuungana: kipande cha kati tulikuwa tumekwisha kukichoma. Mama hakutulaumu. Alikaa juu ya gogo lake, akakung'uta maganda ya mti kwenye kanga, akasema, "Sijamaliza."

TULICHO NACHO

Kabla ya shoka, mwenzetu Hermenegildi alichora yote kwa mkaa juu ya kitambaa cha amerikani: alama, mti, mfereji na mashamba mawili. Katekista Teofili akalinganisha mstari kwa mstari, palepale mtini, akatia sahihi. Karani amekikataa. Ati ni nakala; Mama akashindwa kesi.

Bwana Shauri, tumeisoma sheria ya ushahidi, kwa taabu na kwa kuulizana. Hati, inasema, ni jambo lolote lililoelezwa juu ya kitu chochote kwa herufi, tarakimu au alama. Basi mti wetu ulikuwa hati. Na asili isipobebeka kwa urahisi, au ikiharibika, nakala iliyolinganishwa nayo hupokelewa. Hatukuwa na haja ya kuukata! Hilo linatuuma kuliko yote.

Mti tuliuangusha, kuutafuta ukweli,
Gogo tukalifikisha, kwa jua lililo kali,
Leo hatutajikosha, kosa tumelikubali,
Ila shamba la mjane, hatuliachi kwa hili.

MAOMBI

Rufaa iko mbele yako. Hatuombi huruma. Kitambaa kipokewe, Teofili aapishwe, aulizwe. Sheria hiyo ibandikwe barazani kwa Kiswahili, mwingine asije akakata mti wake. Nawe uje shambani kabla ya mvua, uone kisiki kwa macho yako.

Mama Verediana hayupo hapa. Asubuhi tulimpitia, tukamkuta kwenye kipande kinachogombewa, anang'oa magugu.

"Nendeni mkasome," alisema. "Mimi nikiondoka, Dionisi atasema nimepaacha."

Mungu akupe afya, na njia kavu ya kufika kwake.

Ni sisi,
Wakulima wa Mpunga, Ukingo wa Lumemo, Ifakara