Evelio Tabares, Msoma Namba wa Ijumaa

Ndugu waombolezaji, familia ya Tabares mliotoka Villaguay na marafiki wa hapa Rosario, mimi ni Octavio, mume wa marehemu, na shemeji yangu Amalia ameniomba niwasomee maisha ya kaka yake.

Evelio alizaliwa tarehe 3 Mei 1964 huko Villaguay, mkoani Entre Ríos, akiwa mtoto wa tatu wa fundi wa reli na mshona nguo, akasoma shule ya msingi hapohapo, kisha shule ya ufundi mjini Paraná, aliyoimaliza mwaka 1982. Mwaka 1985 alihamia Rosario, akajifunza kusaga vioo vya miwani, kazi aliyoifanya hadi mwaka 2022 katika duka la mtaa wa San Luis, na baadhi yenu mnanitazama sasa hivi kupitia vioo alivyovisaga yeye.

Tulifahamiana mwaka 1996, tukafunga ndoa ya serikali tarehe 12 Novemba 2010, miezi minne baada ya sheria kuturuhusu. Hatukuzaa, lakini tangu mwaka 2003 tulimlea mpwa wake Rocío, baada ya mama wa binti huyo kufariki, naye ndiye mtoto wetu.

Mwaka 2008 alianza kusoma namba zinazochomolewa kwenye bingo, mchezo wa bahati wa kila Ijumaa wa kituo chetu pale mtaani Pichincha, kituo cha mashoga, wasagaji na watu waliobadili jinsia. Mnakumbuka alivyouinua mpira wenye namba na kuiita kwa jina lake la utani, kama wachezaji wa hapa tunavyoziita zote, "Arobaini na nane, maiti anayeongea! Huyu ananidai, msimwambie nipo," nanyi mkacheka kabla hajamaliza. Mapato ya bingo hiyo ndiyo yaliyomlipa mwanasaikolojia wa kituo, Daktari Ferreyra, ambaye hakumwuliza yeyote kati yetu alianza lini kuwa hivi alivyo.

Kutoka kwenye mipira aliingia kwenye mashine za kasino, na kufikia mwaka 2015 alikuwa mgonjwa wa kamari, neno ninalolitumia kwa makusudi, kwa kuwa ulikuwa ugonjwa. Alijiunga na kikundi cha wacheza kamari wanaotaka kuacha, kwenye ukumbi wa parokia, ambako wanaume wote walizungumzia wake zao, naye akanizungumzia mimi kwa jina la Octavia, na baada ya miezi saba akaacha kwenda, akisema hawezi kujifunza kusema ukweli mahali anapolazimika kudanganya kabla hajakaa. Kliniki moja ya binafsi ilitaka kwanza kumtibu kupenda wanaume. Akabaki Daktari Ferreyra, aliyemsikiliza kwa yote mawili na kumshauri aache hata bingo, lakini bingo ndiyo iliyokuwa mshahara wa daktari, na hakuna msomaji mwingine aliyeweza kuujaza ukumbi. Evelio alipomwambia Zulma, mwenyekiti wa kituo chetu, kwamba anaacha, Zulma alimjibu mbele ya watu, "Wee shoga, na daktari tumlipe nini, mabusu yako?" Ukumbi ulicheka, Evelio akacheka kuliko wote, na Ijumaa iliyofuata alikuwa jukwaani. Jumanne alikaa kwa daktari, Ijumaa alisoma namba, na akitoka hapo alikwenda kasino, na wiki zake zilizunguka hivyo kwa miaka minane.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Tarehe 14 Machi 2024, siku ya upasuaji, Rocío alimfikisha hospitalini, yeye akatorokea mlango wa pili, na jioni tukamkuta kasino mbele ya mashine, akamwambia Rocío, "Mwanangu, usinivute, imebaki kidogo tu." Alifariki tarehe 9 Agosti 2024, alfajiri, kitandani kwetu, nikiwa nimemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa moyo, majirani wa ghorofa yetu, wafanyakazi wenzake ambao hadi leo hawajakiondoa kiti chake, na Daktari Ferreyra. Tunamshukuru pia Zulma, aliyeleta kahawa na viti, na ambaye jana aliniomba tufanye bingo ya kumkumbuka Evelio ili mshahara wa daktari usikatike. Nilimwambia hapana, akalia, akakubali. Sanduku la mipira lipo hapo mlangoni, mipira nimeitoa, na anayetaka daktari aendelee kutusikiliza atie humo alichonacho, akijua kwamba hatashinda chochote.

Evelio, hakuna namba inayokusubiri. Pumzika kwa amani, mume wangu.